Namna ya Kusomea Kazi ya Kumlaza Mtu na Kuhakikisha Anaamka

Kumlaza mtu hakuhitaji shule ndefu. Propofol ikishaingia mshipani, mgonjwa aliyeambiwa ahesabu mpaka kumi huwa hafiki kumi. Sindano moja, sekunde chache, macho yamefumba. Shida ni kwamba dawa hiyo hiyo inayofumba macho huzima na pumzi. Ulimi unalegea na kurudi nyuma, kifua kinatulia, presha inashuka, na kuanzia hapo mtu mzima mwenye watoto na mkopo wa nyumba anaendelea kuishi kwa sababu kuna mwenzake aliyesimama upande wa kichwa chake akijua la kufanya. Huyo aliyesimama ndiye tunayetaka kumpika katika mwongozo huu, na nakuonya mapema kwamba huchukua takriban miaka 8 kuiva.

Namwandikia muuguzi wa Afrika Mashariki aliyeko Marekani: yule aliyefika na diploma yake kutoka Kenya au Tanzania, au aliyeanzia huku huku kwa kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba za kutunzia wazee kule Lowell, Minneapolis au Dallas, akasoma usiku, akapita mtihani wa NCLEX, akapata leseni, na sasa amesikia kwamba juu ya ngazi aliyosimama kuna nyingine. Ipo. Wenye ngazi hiyo hujulikana kwa herufi CRNA. Mimi nitawaita wauguzi wa nusukaputi.

Najua ulivyozisikia habari zao. Ulikuwa kwenye sherehe ya mtu kuhitimu, sahani ya pilau mkononi, na mjomba mmoja ambaye hajawahi kushika sindano akakutajia mshahara. Mjomba hakutia chumvi. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha wastani uliovuka dola 200,000 kwa mwaka. Ifurahie namba hiyo jioni moja, kula pilau yako, halafu iweke kando, kwa sababu haitakusaidia lolote saa nane ya usiku anapoletwa mbio mama mwenye tumbo lililojaa damu. Mshahara huanza kulipwa baada ya masomo. Ndani ya masomo, kinachomvusha mtu ni hamu ya kuwa wa mwisho kuzungumza na mgonjwa kabla hajalala na wa kwanza kumwita jina lake anapoamka. Kama hamu hiyo huna, uuguzi una kazi nyingine nyingi nzuri, na hakuna aibu kubaki huko.

Kama unapenda kushukuriwa, fikiri tena. Daktari wa upasuaji atatumiwa kadi, keki, hata mbuzi akiwa nyumbani. Wewe umemshika mgonjwa mkono akitetemeka, umemwambia hutatoka chumbani, umekesha naye saa sita, na asubuhi hakujui. Midazolam uliyompa kutuliza hofu ndiyo iliyofuta zile dakika mlizokuwa mkiongea. Zoea hilo kabla ya kujaza fomu.

Jua unaingia katika ukoo gani

Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa etha mbele ya madaktari na upasuaji ukafanyika bila mayowe. Dunia ikashangilia. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo, kazi ya kushika kitambaa cha etha au klorofomu ilitupiwa yeyote asiye na shughuli, mara nyingi daktari mwanafunzi ambaye macho yake yalikuwa kwenye kisu kuliko kwenye uso wa mgonjwa. Watu wakafa. Madaktari wa upasuaji wakaanza kumtafuta mtu ambaye angemtazama mgonjwa tu na asitamani kazi ya mwingine, wakampata miongoni mwa masista na wauguzi. Sista Mary Bernard, katika Hospitali ya St. Vincent mjini Erie, Pennsylvania, alianza kazi hiyo mwaka 1877 na anatambuliwa kuwa muuguzi wa kwanza wa Marekani kuifanya kama taaluma.

Baada yake akaja Alice Magaw kule Rochester, Minnesota, akifanya kazi na madaktari wa upasuaji wawili, ndugu wa Mayo. Mwaka 1906 alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowalaza bila hata kifo kimoja kilichosababishwa na dawa ya usingizi. Hakuwa na kipimo cha oksijeni kidoleni mwa mgonjwa, hakuwa na skrini wala kengele. Alikuwa na etha, kitambaa, vidole vyake na macho yake, na alizungumza na mgonjwa taratibu mpaka alale. Msome huyo mama. Kila kitu utakachofundishwa baadaye kwa mashine za maelfu ya dola, yeye alikifanya kwa kutazama.

Wapo waliotaka kazi hii ipigwe marufuku kwa wauguzi. Huko California madaktari walimfikisha mahakamani Dagmar Nelson, muuguzi, kwa madai kwamba anafanya udaktari bila leseni. Mwaka 1936 Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kwamba alikuwa akifanya uuguzi. Miaka mitano kabla ya hukumu hiyo, Agatha Hodgins alikuwa amekwisha kuwaunganisha wauguzi hawa katika chama chao cha kitaifa.

Na umkumbuke Goldie Brangman. Septemba 1958, Martin Luther King alichomwa kifuani kwa kisu cha kufungulia barua akisaini vitabu Harlem. Alipopasuliwa katika Hospitali ya Harlem, Brangman, mwanamke mweusi, alikuwa katika timu ya usingizi, mkono wake ukiuminya ule mfuko unaopeleka hewa mapafuni. Baadaye, mwaka 1973, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza chama cha wauguzi wa nusukaputi wa Marekani. Siku mtu atakapokutazama rangi au akakusikiliza lafudhi na kuuliza kama umepotea njia ya kuingia thieta, jua kwamba kuna aliyetangulia kuingia, na kwamba kuingia kwake kulikuwa na faida kwa dunia nzima.

Mtafute mgonjwa aliye mahututi, ukae naye

Sasa kazi. Unahitaji leseni ya uuguzi isiyo na doa, shahada ya kwanza, na angalau mwaka mmoja kamili wa kuwahudumia wagonjwa mahututi. Mwenye diploma ya miaka mitatu kutoka nyumbani asivunjike moyo. Kuna kozi za kuifikisha diploma kuwa shahada ya kwanza, na nyingi husomwa huku unafanya kazi. Angalia tu kwamba chuo kinatambuliwa, maana vipo vinavyouza karatasi.

Alama zako za zamani zitafukuliwa. Vyuo vingi vinataka wastani usiopungua 3.0 na wanaoshindana nawe watakuwa juu zaidi. Kama kemia yako ya ujana haitazamiki, irudie katika chuo cha karibu na ulete alama mpya. Watu wa kamati hawachukii mtu aliyewahi kuanguka katika somo. Wanamwogopa aliyeanguka na akaliacha hapo hapo sakafuni.

ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, ndiyo shule yako ya kwanza ya kweli, na sheria inaposema mwaka mmoja, wengi wanaochaguliwa huwa wamekaa zaidi. Chagua kitengo chenye wagonjwa wagumu: waliotoka kupasuliwa moyo, walioungua, waliovunjwavunjwa na ajali, wenye maambukizi yaliyoingia damuni. Unataka mikono yako izoee mashine ya kupumulia, dripu tano zinazoendesha presha kwa pamoja, na ule mpira mwembamba unaokaa ndani ya ateri ukikuonyesha presha kwa kila pigo la moyo. Ukifika zamu, omba upewe wewe yule mgonjwa ambaye wenzako wanamkwepa. Utachoka, lakini siku ya usaili utaulizwa kwa nini noradrenalini ilipandisha presha na bado figo zikakataa kutoa mkojo, na utajibu kwa sababu ulikuwepo, ulipima ule mkojo kwa macho yako kila saa. Fanya pia mtihani wa cheti cha wauguzi wa wagonjwa mahututi, CCRN. Halafu omba ruhusa ya kumfuata muuguzi wa nusukaputi siku chache thieta, umwone anavyokagua mashine yake kabla ya jua kuchomoza.

Jifunze kumkatiza mkubwa

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ni jambo letu sisi, na vitabu vya Wamarekani havilizungumzii.

Tumelelewa kumheshimu mkubwa kwa kunyamaza. Mkubwa akizungumza unainamisha macho, akikosea unamsubiri amalize, na kama ni lazima umsahihishe unamtafuta baadaye, faraghani, kwa maneno ya mzunguko. Ni adabu nzuri na imetulea vizuri. Katika thieta inaweza kuua. Daktari wa upasuaji ana mvi, ana jina mlangoni, ana hasira, na ameshika kisu. Wewe unaona damu inavyomwagika kwenye chupa ya kunyonyea, unaona presha inaporomoka, na unatakiwa useme kwa sauti ya kusikika chumba kizima: simama, bana mshipa, nahitaji dakika mbili. Husemi samahani. Husubiri akutazame. Mgonjwa hawezi kujisemea na wakili wake aliye chumbani ni wewe tu.

Wasaili wanajua hivyo, na maswali yao mengi yanachimba hapo hapo. Watakuambia uwaeleze siku uliyopinga agizo la daktari. Watakuuliza jambo gumu la dawa mpaka ufike mwisho wa ujuzi wako, ili waone kama ukifika ukingoni utasimama au utaruka. Maneno "sijui, ila ningeangalia hapa" yamewaingiza watu wengi chuoni kuliko majibu ya kubuni. Sema polepole na lafudhi yako ya Tanga au ya Meru; haina kosa lolote. Anza mazoezi mapema, huko huko ICU: agizo lisiloeleweka, uliza papo hapo, mbele ya watu, kwa heshima na kwa sauti kamili. Adabu yetu ibaki katika namna ya kusema. Ukimya tuuache mlangoni.

Kaeni kikao cha familia kabla ya karo kulipwa

Kuanzia Januari 1, 2022, kila anayeanza masomo haya Marekani anaingia moja kwa moja ngazi ya udaktari wa kitaaluma, na kozi haipungui miezi 36. Vyuo vingi hukusihi usifanye kazi, na vingine hukukataza kabisa. Karo katika vyuo vingi inavuka dola 100,000, bado kodi ya nyumba, bado chakula, bado gari la kukufikisha hospitali ya mafunzo iliyo mji mwingine.

Mkopo wa serikali nao umebadilika. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliondoa, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, ule mkopo ambao wanafunzi wa shahada za juu waliutumia kufidia gharama zote. Kozi za kawaida za shahada za juu zimewekewa kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Zilizohesabiwa kuwa za kitaaluma zimepewa 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Iulize ofisi ya mikopo ya chuo, kwa maandishi, kozi yako imewekwa kundi gani kabla hujatoa amana. Na kama uko kwa viza ya mwanafunzi, mkopo huo wa serikali si wako hata kidogo. Panga na ukweli huo.

Lakini hesabu ngumu kuliko ya chuo ni ya nyumbani. Wewe ndiye unayelipa karo ya mdogo wako. Wewe ndiye uliyeahidi bati za nyumba ya mama. Kundi la harambee kwenye simu linakujua kwa jina, na msiba ukitokea hapo mjini, mwili wa mwenzetu unarudishwa nyumbani kwa michango ya watu wenye kipato kama chako. Kwa miezi 36 kipato hicho hakipo. Usiwafiche watu wako ukidhani utajibana kimya kimya. Piga simu kabla, uzungumze na mzazi, na mkubwa wa ukoo, na mume au mke wako, mtaje mwezi wa kuanza na mwezi wa kumaliza, mseme nani atashika lipi. Mwombe kaka yako abebe karo ile hadi utakaporudi kazini. Ndugu wakiambiwa mapema huvumilia hata miaka mitatu. Wanaotafuta pesa ya dawa na kukuta simu haipokelewi ndio wanaoumia, na uchungu huo utakufuata mpaka kwenye chumba cha mtihani. Weka akiba ya angalau miezi kadhaa, lipa madeni ya kadi, uza gari la fahari. Wenye watoto wadogo, tafuteni nani atakayewachukua shuleni siku upasuaji utakapochelewa kwisha, kwa sababu utachelewa, na hutaondoka mgonjwa akiwa wazi.

Miezi 36 ndani ya shule

Mwaka wa kwanza ni vitabu. Utasoma namna gesi inavyoyeyuka katika damu, namna moyo wa mtoto mchanga unavyotofautiana na wa bibi wa miaka 90, fizikia ya mabomba na shinikizo, kemia ya dawa ambazo zamani ulizijua kwa rangi ya kifuniko tu. Mtu aliyekuwa nguzo ya ICU, ambaye madaktari vijana walimwendea kuuliza, anarudi kuwa mwanafunzi anayeshindwa kumfunika mgonjwa barakoa ya oksijeni sawasawa. Inauma. Kubali kuumia upesi, kwa sababu anayetumia nguvu zake kulinda cheo cha jana hana nguvu za kujifunza leo.

Utajifunza mambo ambayo yataonekana madogo mpaka uelewe kazi yake. Kwa mfano, kabla ya kumlaza mgonjwa unamwachia avute oksijeni tupu kwa dakika tatu hivi. Mapafu yakijaa oksijeni, mtu mwenye afya anaweza kukaa dakika kadhaa bila kupumua kabla damu yake haijaanza kukosa oksijeni. Akilazwa akiwa amevuta hewa ya kawaida, anabakiwa na kama dakika moja. Mjamzito, mtoto na mtu mnene wana muda mfupi zaidi. Zile dakika unazonunua ndizo utakazozitumia kupitisha mpira wa kupumulia kwenye koo la hewa, na kurudia kama umekosea ukaingia kwenye umio. Utajuaje kwamba umekosea? Hutakisia. Utatazama mchoro wa hewa ukaa anayotoa mgonjwa. Mchoro ukiwa bapa, unatoa mpira, bila ubishi, hata kama una uhakika uliona kila kitu.

Utasoma pia maradhi ambayo huenda usiyaone maisha yako yote. Lipo tatizo la kurithi ambalo mwenye nalo hana dalili yoyote mpaka avute gesi za usingizi au achomwe suksinilkolini. Misuli inakaza, hewa ukaa inapanda, mwili unawaka joto, na dawa ya kumwokoa ni moja, dantrolini. Utalikariri, utaulizwa ukiwa umechoka, utafanyishwa mazoezi yake kwenye sanamu la mgonjwa, ili siku likija, mkono utangulie hofu.

Kisha thieta. Baraza linalothibitisha kozi hizi linataka kila mwanafunzi asimamie wagonjwa wasiopungua 600 na saa zisizopungua 2,000 za mafunzo ya vitendo. Ndani ya hao 600 kuna viwango vyake: mipira ya kupumulia 250 uliyoipitisha wewe, watoto 30 wa miaka 2 hadi 12, watoto 10 walio chini ya miaka 2. Wapo wanaoziona namba hizi kama adhabu. Mimi nazipenda. Mzazi anayekukabidhi mtoto wa miezi minane mlangoni mwa thieta hana njia ya kukupima, hajui hata jina lako, na hizo namba ndizo zilizokupima kwa niaba yake.

Kuna sehemu moja ya kazi ambayo utawashinda wenzako siku ya kwanza. Wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili wametapakaa Marekani, na mmoja wao atalazwa mbele yako. Ataulizwa na mkalimani wa simu kama amekula, naye atajibu kwa unyoofu kabisa kwamba hajala kitu, amekunywa chai tu. Wewe ndiye utakayejua kuuliza: chai ya rangi au ya maziwa? Maji matupu na chai isiyo na maziwa vinahitaji saa 2 kabla ya usingizi. Chai ya maziwa inahesabiwa na chakula chepesi, saa 6. Chapati na nyama ya mafuta, saa 8. Tumbo lililojaa humwaga vitu mapafuni mgonjwa akilegea, na wengine hawatoki hospitalini tena. Swali moja la nyumbani, limeokoa mapafu ya mtu.

Mwisho wa yote kuna mtihani wa taifa, wa kompyuta, saa 3, maswali kati ya 100 na 170. Kompyuta inapima kila jibu na kukuchagulia swali linalofuata kulingana na uwezo uliouonyesha. Usibabaike yakizidi kuwa magumu.

Ukishafuzu

Kwa hospitali nyingi za vijijini Marekani, muuguzi wa nusukaputi ndiye mtaalamu pekee wa usingizi aliyepo. Katika hospitali za miji mikubwa wengi hufanya kazi pamoja na daktari wa usingizi, na sheria za usimamizi hutofautiana jimbo kwa jimbo. Iowa ilikuwa ya kwanza, mwaka 2001, kujiondoa katika sharti la serikali kuu la usimamizi wa daktari kwa wagonjwa wa bima ya Medicare. Soma sheria ya jimbo lako kabla ya kusaini mkataba.

Neno zito moja kabla hujasherehekea. Utashinda mchana kutwa karibu na fentanili, propofol na ketamini, na taaluma ya usingizi imezika watu wake waliojichoma dawa hizo wenyewe, watu hodari, wenye familia. Huanza kwa uchovu na usingizi uliokataa kuja. Ukiona dalili kwa mwenzako, sema siku hiyo hiyo. Kumfichia ni kumwandalia jeneza. Ukiziona ndani yako, kuna wauguzi waliojisalimisha, wakatibiwa, na leo wako hai.

Na nyumbani? Naombea wengi wenu muwaze kurudi, hata kwa wiki chache za kufundisha. Huko Kenya, Hospitali ya AIC Kijabe imekuwa ikiwafundisha wauguzi kazi hii na kuwatuma kwenye hospitali za mbali, mahali ambapo kabla ya hapo mama aliyehitaji kupasuliwa ajifungue alipakiwa kwenye gari na kuombewa njiani. Nchi zetu bado zina upungufu mkubwa wa wataalamu wa usingizi, na kisu bila mtu wa usingizi hakina kazi. Leseni yako ya Marekani haitakupa kibali cha kufanya kazi huko moja kwa moja. Wasiliana na baraza la wauguzi la nchi husika kwanza, na uende ukiwa tayari kujifunza kutoka kwa watu wanaofanya kazi umeme ukikatika.

Basi fanya hivi wiki hii. Fungua tovuti za vyuo vitatu unavyovitaka, hakikisha vimethibitishwa na baraza la kozi za nusukaputi, kisha tafuta katika kila kimoja takwimu tatu ambazo vinatakiwa kuzichapisha hadharani: wangapi walioanza hawakumaliza, wangapi waliufaulu mtihani wa taifa, wangapi walipata kazi. Chuo kinachozificha, kiache. Halafu mpigie mama simu, umweleze. Na ukichaguliwa, njoo, thieta zinakuhitaji.